Kompyuta Imesema Nini?

Somo juu ya kuweka programu mpya na kuponya makosa yake



Mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili ameniomba niandike somo lo lote litakalowafaa wanafunzi walioko shuleni sasa, na pia sisi tuliokwisha kuondoka. Nimechagua jambo ambalo limenipatia chakula changu kwa miaka kadhaa, nalo ndilo lililonitia aibu kubwa kuliko zote nilizopata kazini. Jambo hilo ni kuweka programu mpya katika kompyuta inayotumia Ubuntu au Debian, na kuziponya kompyuta hizo zinapokataa.

Wengi wetu mashuleni humu Uganda tumekutana na Ubuntu, maana hailipiwi na hukubali kukaa katika mashine za zamani. Jina lake si geni kwetu. Ni neno la ndugu zetu wa kusini, Wazulu na Waxhosa, nalo lina shina moja na "utu" wa Kiswahili na "obuntu" wa Kiganda. Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini ndiye aliyeianzisha, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Ilijengwa juu ya Debian, kazi iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa yafaa kwa zote mbili.

I. KARANI NA GHALA

Kabla hujajifunza dawa, hapana budi uujue mwili. Katika Ubuntu, mtu hatafuti programu huku na huku kama anayetafuta viatu mnadani. Programu zote zimefungwa katika vifurushi, na vifurushi hivyo vimewekwa katika maghala yaliyomo katika seva za intaneti. (Sisemi juu ya vile vifurushi tunavyonunua kwa simu ili tupate intaneti, ingawa hivyo navyo vitakuja baadaye katika somo hili.) Katika kompyuta yako yuko karani anayekwenda ghalani kwa niaba yako. Jina lake ni apt, naye amekuwa akiitumikia Debian tangu toleo la mwaka 1999.

Mathalan, wataka programu ya kutunza hifadhidata. Wafungua dirisha la amri, kisha waandika:

sudo apt install libreoffice-base

Neno "sudo" maana yake waomba mamlaka ya mwenye mashine, ndiyo sababu huulizwa neno la siri. Basi karani huanza kazi, nayo kazi yake ina hatua tano. Zishikeni vema, maana somo lote limesimama juu yake.

Kwanza, husoma orodha. Karani hana macho ya kuona ghala kila saa, bali anayo orodha aliyoinakili siku ile ulipomtuma mara ya mwisho. Kumtuma akanakili orodha mpya, waandika "sudo apt update". Wengi hudhani kwamba amri hii huweka programu mpya. Sivyo. Huleta orodha tu. Amri ya kuziweka programu zilizotengenezwa upya ni "sudo apt upgrade".

Pili, huhesabu mahitaji. Ni vifurushi vichache vinavyoweza kukaa peke yake. Kimoja chahitaji kingine, na hicho nacho chahitaji cha tatu, kama vile sufuria inavyohitaji mafiga, na mafiga yakahitaji kuni. Karani huvihesabu vyote kabla hajatoka.

Tatu, huenda ghalani akavileta.

Nne, hukagua. Orodha ya ghala hutiwa sahihi na wenye ghala, na karani anao ufunguo wa kuitambua sahihi hiyo. Tena ndani ya orodha, kila kifurushi kimeandikiwa tarakimu zake, na kikifika karani huzilinganisha. Kama hazipatani, hukikataa.

Tano, humkabidhi mwenzake aitwaye dpkg. Huyu ndiye mwenye kufungua vifurushi, kuviweka mahali pake, na kuvitengeneza vipate kutumika. Naye anacho kitabu ambamo huandika kila alichofungua na kila alichokwisha kutengeneza.

Basi, kila kosa utakaloliona kiooni limetokea katika mojawapo ya hatua hizi, nalo laweza kuonyesha ni hatua ipi. Mtu asiyejua hatua huona maneno mengi ya Kiingereza, akaogopa. Mtu anayezijua hujiuliza tu: karani amekwama wapi?

II. AIBU YANGU

Mwaka 2019 nilikuwa nimepewa kazi ya kutunza chumba cha kompyuta katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu, si lake. Tulikuwa na mashine kumi na sita, zote za Ubuntu 18.04. Mashine moja, iliyo kubwa kuliko nyingine, ilikuwa mbele ya chumba, na humo ndimo wanafunzi walimokuwa wakiweka kazi zao za mazoezi.

Siku ya Ijumaa, alasiri, niliambiwa kwamba Jumatatu kidato cha nne watafanya mtihani wa majaribio, na sehemu moja ni hifadhidata. Programu ya libreoffice-base haikuwamo. Nikasema, ni kazi ya saa moja. Nikaiwasha ile mashine kubwa, ambayo ilikuwa haikuwashwa kwa siku kadhaa, nikaandika amri. Nikajibiwa:

E: Unable to acquire the dpkg frontend lock (/var/lib/dpkg/lock-frontend), is another process using it?

Sikusoma hata mwisho. Niliona neno "lock", yaani kufuli, nikajua nimefungiwa. Nilikuwa nimepata kusikia kwa mtu kwamba dawa ya kufuli ni kulifuta. Nikalifuta. Nikaandika amri yangu tena, na kweli ikakubali, nami nikajiona fundi. Baada ya dakika chache kioo kikasimama, hakuna kinachokwenda. Nikangoja kidogo, nikachoka, nikabonyeza kitufe cha umeme mpaka ikazimika. Nilipoiwasha tena haikufika kwenye picha ya kuingilia. Kiooni palikuwa peusi, na mistari michache ya maneno.

Kwa haraka yangu nilidhani ugonjwa umo katika mashine hiyo peke yake, basi nikaihamia ya pili. Nayo ilinijibu maneno yale yale, nami nikaitendea yale yale, nayo ikafa vile vile. Saa mbili usiku nilikuwa na mashine mbili zilizokufa. Nikachukua flashi yenye Ubuntu, nikairudia ile kubwa, nikaamua kuiweka upya kabisa. Nilipoulizwa kama nifute diski yote, nikasema ndiyo. Ikapona. Lakini kazi za wiki tatu za wanafunzi arobaini na mmoja zilikuwamo katika diski ile, wala hapakuwa na nakala mahali pengine.

Jumamosi asubuhi alifika mzee mmoja, mwalimu wa fizikia aliyekwisha kustaafu, ambaye mara kwa mara alikuja kututazama. Akanikuta nimekaa mbele ya ile mashine ya pili na flashi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso wako hivi?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Kompyuta imesema nini?"

Nikamwambia, imekufa, haisemi kitu. Akavaa miwani yake, akabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Pakatokea mahali pa kuandika jina na neno la siri. Nikaingia. Akaniambia niandike amri ile ya kuweka programu, tuone itajibu nini. Ikajibu:

E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.

"Soma," akasema. Nikasoma. "Sasa niambie kwa Kiswahili."

Nikasema, "Yasema kwamba dpkg alikatizwa kazini, na kwamba sharti niandike amri hii ili kuponya."

"Basi mbona huiandiki?"

Nikaiandika. Dakika nne nzima maneno yakapita kiooni, kifurushi baada ya kifurushi kikitengenezwa. Tukaiwasha upya, na picha ya kuingilia ikatokea kama kwamba hakuna lililotukia. Nilikaa kimya. Nilitambua kwamba ile mashine kubwa nayo ilikuwa tayari kuniambia maneno yale yale jana usiku, kama ningaliiuliza.

Siku ya Jumatatu nilisimama mbele ya wanafunzi, nikawaambia kwamba kazi zao za wiki tatu zimepotea, na kwamba mimi ndiye niliyezipoteza. Hawakupiga kelele. Mvulana mmoja wa kiti cha nyuma aliinua mkono, akauliza, "Mwalimu, kompyuta haikukuambia lo lote?"

Nikamjibu, "Iliniambia. Sikusoma."

III. MAKOSA YAPATIKANAYO MARA NYINGI

Tangu siku hiyo nina daftari ambamo naandika kila kosa, hatua yake, na dawa yake. Yafuatayo nimeyatoa humo. Kumbukeni kwamba herufi E mwanzoni mwa mstari ni kosa lenyewe, na herufi W ni onyo tu. Mkiona mistari mingi ya E, anzeni na ile ya kwanza, maana mara nyingi nyingine ni watoto wake.

1. Kufuli. Siku hizi karani husema hivi: "Waiting for cache lock: Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2314 (unattended-upgr)". Maana yake kuna kazi nyingine inayoendelea, na kitabu cha dpkg hakiandikwi na watu wawili kwa wakati mmoja. Neno lile la mwisho ni mtumishi wa Ubuntu anayeweka marekebisho ya usalama mwenyewe, bila kuagizwa. Huamka mara nyingi pale unapoiwasha mashine iliyolala siku nyingi, kama ile yangu. Dawa yake ni kungoja. Nenda kanywe chai, urudi.

Tena jifunzeni jambo ambalo sikulijua siku ile. Faili lile la kufuli huwapo siku zote, hata wakati hakuna kazi. Kufuli lenyewe ni haki inayoshikwa na programu iliyo kazini, na programu ikimaliza au ikifa, kufuli lajifungua. Kulifuta faili, basi, hakuna faida yo yote. Hasara iko: karani wa pili hutengeneza faili lake jipya, akalishika, akaingia, nao wawili wakaandika katika kitabu kimoja.

2. Kazi iliyokatizwa. Hii hutokea umeme ukikatika katika hatua ya tano, nasi twajua umeme wetu. Maneno yake mmekwisha kuyaona, na dawa yake imo ndani yake:

sudo dpkg --configure -a

Huendelea na vifurushi vilivyofunguliwa lakini havijatengenezwa, mpaka viishe. Haifuti kazi zako.

3. Mahitaji yasiyotimia. Husema "Unmet dependencies", kisha yenyewe yakushauri "apt --fix-broken install". Kosa hili hupatikana sana mtu akipakua kifurushi mahali pengine akakiweka kwa mkono, bila karani kuhesabu mahitaji yake. Andika:

sudo apt --fix-broken install

Karani ataleta vilivyopungua, au ataomba ruhusa ya kukiondoa kile kisichoweza kutimizwa. Soma anachotaka kuondoa kabla hujakubali. Kama akisema "you have held broken packages", huenda kuna kifurushi ambacho mtu aliamuru kisibadilishwe. Andika "apt-mark showhold" upate kukiona. Kama hakionekani cho chote, basi yaelekea umechanganya maghala ya matoleo mawili, na kifurushi cha toleo moja chadai mwenzake wa toleo jingine.

4. Kifurushi kisichojulikana. "Unable to locate package" maana yake karani ameisoma orodha yake yote, jina hilo hakuliona. Sababu ni tatu. Ama umekosea herufi, maana herufi moja ikipungua ni jina jingine. Ama orodha ni ya zamani au haijaletwa kamwe, basi andika "sudo apt update". Ama kifurushi kimo katika sehemu ya ghala ambayo hukuifungua. Ubuntu ina sehemu iitwayo universe yenye vifurushi vingi mno, nayo katika mashine nyingine haikufunguliwa. Hufunguliwa kwa "sudo add-apt-repository universe".

5. Ghala halina kitu. "404 Not Found". Hapa karani amefika ghalani akitafuta kifurushi kilichomo katika orodha yake, akaambiwa hakipo. Kwa kawaida orodha ni ya zamani, na ghala limekwisha kuweka kifurushi kipya mahali pa kile. Leta orodha upya, kisha jaribu tena. Lakini kama orodha yenyewe yakataa kuja kwa neno hilo la 404, tazama toleo lako. Toleo la Ubuntu lisilo la muda mrefu hutunzwa miezi tisa tu. Mathalan, 19.10 lilikoma Julai 2020, na baadaye vifurushi vya matoleo kama hayo huhamishiwa ghala la vitu vya kale, liitwalo old-releases.ubuntu.com. Toleo la muda mrefu, lenye alama LTS, hupata marekebisho ya kawaida kwa miaka mitano. Mashine ya shule sharti iwe na LTS, na mwaka wa kukoma kwake uandikwe ukutani.

6. Njia ya kufika ghalani. "Temporary failure resolving 'archive.ubuntu.com'". Karani hajui njia ya kwenda ghalani. Hapa apt hana kosa lo lote. Tazama waya, tazama Wi-Fi, kisha tazama kama vile vifurushi vingine, vya kulipia, havijakwisha. Nimepata kuitwa mara mbili kwa kosa hili, na mara zote mbili dawa ilinunuliwa dukani kwa wakala wa simu.

7. Saa mbaya. Hili huwashangaza wengi. "Release file is not valid yet" na maneno mengine mengi, kisha saa na dakika. Orodha ya ghala huandikwa tarehe. Kama saa ya kompyuta yako iko nyuma, karani huiona orodha ya leo kama kwamba imeandikwa kesho, akaikataa. Andika "date" uitazame saa. Mashine za zamani hupoteza saa kila zinapozimwa kwa sababu betri yake ndogo ya ndani imekufa, ile ya mviringo kama sarafu, ambayo mara nyingi ni ya namba CR2032, ya volti 3. Badili betri, rekebisha saa, na kosa litaondoka. Nilimwona mtu akitaka kuitupa mashine nzima kwa ajili ya betri hiyo.

8. Sahihi isiyotambulika. "NO_PUBKEY", ikifuatwa na tarakimu nyingi. Hutokea ukiongeza ghala la watu wengine bila kuleta ufunguo wao. Dawa ni kuuchukua ufunguo kwa wenye ghala wenyewe, kwa maelezo yao wenyewe, na kuuweka katika /etc/apt/keyrings. Wako watakaokufundisha namna ya kumzuia karani asikague. Msiwasikilize. Karani asiyekagua atamletea nyumbani mwako cho chote atakachopewa na mtu ye yote njiani.

9. Tarakimu zisizopatana. "Hash Sum mismatch". Kilichofika si sawa na kilichoandikwa. Mara nyingi ni intaneti mbovu iliyokatika katikati, au seva ya njiani iliyotunza nakala ya zamani. Andika "sudo apt clean", kisha "sudo apt update", ujaribu tena. Ikikataa, jaribu saa nyingine au kwa njia nyingine ya intaneti.

10. Diski iliyojaa. "No space left on device". Andika "df -h" uone ni sehemu ipi iliyojaa. Karani huweka vifurushi anavyoleta katika /var/cache/apt/archives, na "sudo apt clean" huviondoa bila kuziharibu programu. Kama sehemu iliyojaa ni /boot, humo mna viini vya zamani vya mfumo, na "sudo apt autoremove" huondoa visivyohitajiwa tena.

IV. DESTURI NJEMA

Sasa nawaelezeni desturi ninayoifuata kila niitwapo, mashine iwe ya shule au ya ofisi.

Kwanza, nanakili maneno ya kosa katika daftari kama yalivyo, herufi kwa herufi, kabla sijagusa kitu. Mtu akinijia na kusema "imekataa", namrudisha akanakili maneno. Mara nyingi harudi tena, kwa kuwa katika kunakili amesoma, na katika kusoma ameelewa.

Pili, najiuliza ni hatua ipi katika zile tano. Kosa la njia haliponywi kwa kufungua vifurushi, wala kosa la saa haliponywi kwa kubadili ghala.

Tatu, kazi za watu nazinakili mahali pengine kabla ya kutia dawa yo yote nzito. Diski ikiwa nzima, mashine isiyofika kwenye picha ya kuingilia yaweza kusomwa kwa flashi ya Ubuntu bila kuweka upya, na kazi zote zikatolewa. Siku ile flashi ilikuwa mkononi mwangu.

Nne, natia dawa moja, natazama jibu, ndipo naenda ya pili. Mtu atiaye dawa tano kwa mara moja, hata akipona hajui aliponywa na ipi.

Tano, nasoma kabla ya kusema ndiyo. Karani akiandika "The following packages will be REMOVED", sharti kidole kikae mbali na herufi Y mpaka orodha yote isomwe. Mwaka 2021 Linus Sebastian wa Kanada, ambaye vipindi vyake vya kompyuta hutazamwa na watu wengi sana, alikuwa akiweka programu ya michezo katika mfumo wa Pop!_OS, ambao nao hutumia apt. Vifurushi vya ghala vilikuwa na kasoro siku hizo, na karani akamwonya kwamba vitu vya lazima vitaondolewa, naye akitaka kuendelea aandike sentensi nzima: "Yes, do as I say!" Akaiandika. Madirisha na picha zote zikaondoka, akabaki na kioo cheusi mbele ya watazamaji wake. Basi hata wakubwa hupitwa na maneno.

Sita, nikimaliza natazama kitabu cha kumbukumbu, /var/log/apt/history.log, ambamo karani ameandika alichoweka na alichoondoa, na saa yake. Humo ndimo utakapojua mwenzako alifanya nini kabla hujaitwa, hata kama yeye asema hakufanya kitu.

V. MASWALI YA KUJIJARIBU

Jibuni bila kutazama nyuma, kisha mjisahihishe.

(a) Amri ya "apt update" na ya "apt upgrade" zatofautiana namna gani?

(b) Mwenzako ameiwasha mashine iliyolala mwezi mzima, na mara hiyo hiyo akaambiwa kuna kufuli. Umshauri afanye nini, na kwa nini?

(c) Mashine inasema leo ni tarehe 1 Januari 2010. Ni kosa lipi litakalotokea katika hatua ya nne?

(d) Umeme umekatika wakati dpkg akiwa kazini. Ukiwaka, amri yako ya kwanza itakuwa ipi?

(e) Yatajeni mambo mawili ambayo mimi ningeyafanya Ijumaa ile, na kazi za wale vijana arobaini na mmoja zisingepotea.

Lile la mwisho ndilo gumu, nami nimelijibu mara nyingi usiku. Wale vijana walikwisha kumaliza shule, na wawili wao sasa ni mafundi kama mimi. Mmoja alinipigia simu juzi kuniuliza juu ya mashine moja iliyomshinda. Kabla sijafungua kinywa akacheka, akasema, "Najua, Mwalimu. Ngoja nikusomee ilivyosema." Akasoma mpaka mwisho wa mstari, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, ahsante, nimeona." Akakata simu, wala sikupata nafasi ya kumfundisha lo lote.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Nami nawatakieni nyote masomo mema, na umeme usiokatika.

Ni mimi mwenzenu,

Mwanafunzi wa Zamani